Muulize Fundi: Nionyeshe kwanza pedi ulizozivua

Barua tatu kati ya tano za safari hii zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: ninunue pedi gani za breki? Nitaanza na ile ndefu, maana mwenyewe kaeleza gari lake vizuri kuliko wengi wanavyomweleza fundi akiwa amesimama mbele yao.

*

*Shikamoo fundi. Nina gari la dizeli linalovuta kwa tairi zote nne, nalitumia njia mbovu karibu kila wiki. Nimelifunga bampa la chuma, winchi, keria na tangi la pili la mafuta. Springi nimenyanyua, na tairi nimetoka inchi 31 nikaenda 35. Likiwa na mzigo linafika tani tatu. Pedi za mbele zinaisha upesi mno, na nikishuka mlima nasikia harufu ya kuungua. Muuza spea ananitajia aina nne: za kawaida, zenye chuma, za seramiki na za mashindano. Nichukue zipi?* — Mbeba Mizigo

Marahaba, Mbeba Mizigo. Zile ulizozivua ziko wapi? Nauliza kwa sababu karibu kila anayeniletea swali hili ameshazitupa, na ndizo zilizokuwapo pale moto ulipowaka. Pedi mpya hainiambii chochote zaidi ya kile alichoandika mtengenezaji. Kuukuu inasema yote.

Kwenye rafu yangu ninazo mbili zilizotoka gurudumu moja. Ya nje ina unene wa milimita 8, yaani ilikuwa bado kijana. Ya ndani imekwisha hadi bati limegusa diski na kuchimba mfereji. Mwenye gari alikuwa amebadilisha pedi mara tatu, kila safari akipanda bei akitafuta "iliyo ngumu zaidi". Kumbe pini za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, zilikuwa zimeshika kutu. Kalipa ya aina ile ina pistoni upande mmoja tu: inasukuma pedi ya ndani, kisha mwili wa kalipa unateleza juu ya pini na kuivuta ya nje. Pini zikigoma, ya ndani inafanya kazi ya wawili. Alichohitaji ni brashi ya waya, mipira mipya ya pini, na grisi ya silikoni. Hapo usimpe mtu yeyote nafasi ya kupaka grisi ya kawaida ya petroli; mpira ukiigusa unavimba na pini inashika tena.

Basi panga zako mbili mbili kwa gurudumu, uzitazame ubavuni. Moja nyembamba kuliko mwenzake: pini, au pistoni hairudi. Pedi nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, mfano wa kabari: masikio yake yamekwama kwenye fremu kwa tope lililokauka na kutu. Uso unang'aa kama kioo: zimechemka hadi gundi ikapanda juu. Pembe zimemeguka, au nyama, yaani ile sehemu inayosugua diski, imeachana na bati la mgongoni: hapo kweli pedi yenyewe haikukufaa. Zote nne zikiwa zimeisha sawasawa, kalipa zako ni nzima na tunaweza kuzungumza habari za kununua.

Ila kwanza nyuma. Umesema umenyanyua springi. Magari mengi ya aina hii, hasa ya miaka ya nyuma, yana vali juu ya ekseli ya nyuma yenye mkono uliounganishwa na ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo: gari likikaa chini kwa uzito, vali inafungua na breki za nyuma zinapata nguvu zaidi, likiwa tupu, inazibana ili tairi za nyuma zisijifunge na kuteleza. Sasa wewe umelinyanyua. Vali inaliona limesimama juu, inadhani liko tupu siku zote, na inazinyima breki za nyuma. Tani tatu zote zinasimamishwa na mbele. Nimeona watu wakihangaika na pedi za mbele kwa mwaka mzima wakati kilichotakiwa ni kurekebisha mkono wa ile vali ulingane na kimo kipya. Na kama nyuma una ngoma, zile breki zilizofunikwa kama sufuria badala ya diski, zifungue. Ngoma hutunza tope kama chungu, na viatu, yaani pedi zilizopinda zinazobana ngoma kwa ndani, visipokazwa vinachelewa kugusa.

(Kuhusu viatu: husimuliwa kwamba Herbert Frood, Mwingereza aliyeanzisha kampuni ya breki ya Ferodo mwaka 1897, alipata wazo lake baada ya kumwona mwendesha mkokoteni akifunga kiatu kikuukuu kwenye gogo la breki ili lishike gurudumu vizuri. Huwa nakikumbuka kila ninapofungua ngoma.)

Sasa tuje kwenye joto, maana ndilo unalolinunulia pedi. Gari la kilo 3,000 likisimama kutoka kilomita 80 kwa saa, breki zinapokea takriban kilojuli 740. Kutoka 40 ni 185 tu. Mwendo nusu, joto robo. Lakini teremka mlima wenye kimo cha mita 500 huku umeliachia gari na mguu uko kwenye breki: ni karibu kilojuli 14,700, sawa na kusimama mara 20 kutoka 80, bila kupoa katikati. Ndiyo hiyo harufu. Hakuna pedi ya dukani nitakayokuuzia kwa ahadi kwamba itabeba hayo peke yake. Ingiza gia nzito kabla mteremko haujaanza, injini ishike gari, na breki ukanyage kwa vipindi: bana vizuri, punguza mwendo, achia kabisa zipate upepo. Anayeshuka huku ameegemeza mguu mwepesi kwenye pedali anachoma pedi akijiona mwangalifu.

Tairi nazo. Umetoka 31 ukaenda 35. Breki zilezile, diski zilezile, lakini gurudumu limekuwa refu, kwa hiyo nguvu inayofika ardhini kwa mkanyago uleule imepungua kwa karibu asilimia 11. Ongeza uzito wa tairi lenyewe, ambalo nalo lazima lizuiwe lisizunguke. Usidhani ni hisia zako tu kwamba pedali imekuwa nzito.

Aina, basi. Za kawaida, zile za nyuzi na gundi, ni tulivu na zina huruma kwa diski, lakini joto likipanda gundi inatoa gesi na mshiko unapotea mguuni mwako. Kwa gari lako, hapana. Za mashindano, hapana mara mbili: zimetengenezwa zishike zikiwa za moto, na wewe unapoteremka jiwe kwa mwendo wa kutembea, asubuhi, zina baridi kama bati la mlango. Za seramiki zina sifa nzuri: kimya, vumbi kidogo, rimu safi. Zipo zilizotengenezwa kwa magari ya mzigo na mtengenezaji anaandika hivyo wazi. Ukizipata hizo sitagombana nawe. Lakini zile za kawaida za gari dogo la lami zilizokatwa umbo la kalipa yako, ziache.

Mimi ningekufunga zenye chuma, zilizotajwa kwa ajili ya mzigo au kuvuta tela, mbele, na nyuma za familia hiyohiyo. Zitapiga kelele kidogo asubuhi. Zitakula diski mapema kuliko zile laini. Diski ni spea, utabadilisha. Zinavumilia joto.

Ila zina tabia moja ambayo wauzaji hawaisemi, nami niliijua vibaya. Chuma kinapitisha joto. Joto lile linapita kwenye bati, linaingia kwenye pistoni, linafika kwenye mafuta ya breki. Miaka ile nilikuwa nimefunga pedi ngumu mpya kwenye gari langu mwenyewe, nimejaza mizigo, najisifu. Katikati ya mteremko pedali ikalainika, kisha ikazama hadi chini kama nimekanyaga sifongo. Niliteremsha gia mbili kwa fujo, nikavuta breki ya mkono, nikalilalia ukingo wa udongo hadi likasimama. Nilipovua magurudumu pedi zilikuwa nzima kabisa, nene, bila ufa. Kilichochemka ni mafuta: yalikuwa ya miaka mingi, meusi kama oili iliyochoka. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi; yakishakunywa maji, kiwango cha chini kinachokubalika ni 155. Ya DOT 3 ni 205, kisha 140. Yakichemka yanafanya mvuke, na mvuke unabanika, unakanyaga hewa. Kwa hiyo ukinunua pedi zenye chuma, siku hiyohiyo toa mafuta yote, weka mapya ya kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, na uyabadilishe kila miaka miwili. DOT 5 ya silikoni usiichanganye na hayo mengine hata kama namba inakuvutia. DOT 5.1 ni kitu kingine, hiyo ni ndugu wa DOT 4.

*

*Fundi, ubavuni mwa pedi kuna herufi mbili, mara FF, mara GG, mara EF. Muuzaji anasema GG ni nguvu mara mbili. Kweli?* — Msoma Lebo

Si kweli, ila angalau amekuangalisha mahali pa maana.

Herufi ya kwanza ni msuguano wa pedi ikiwa katika joto la kawaida la kazi, ya pili ni ikiwa ya moto, na vipimo vya moto havizidi nyuzi 350 za Selsiasi. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Unaona upana wa kila ngazi? F iliyo juu na G iliyo chini zinaweza kutofautiana kiasi ambacho mguu wako hautakijua. Kwa gari zito mimi husoma herufi ya pili kwanza. FE inalegea ikipata moto, isije kwangu. FF imetulia pande zote mbili. EF inaanza kwa unyonge kisha inakolea. Wapo wanaoipenda, mimi si mmoja wao, kwa sababu ileile ya jiwe la asubuhi. GG ni kali na ikiwekwa mbele peke yake, nyuma ukaacha nyepesi, unavuruga mgawanyo wa breki.

Herufi hizo hazisemi pedi itadumu vipi, itapiga kelele kiasi gani, wala inakufa vipi ikivuka joto la kipimo. Tafuta pia alama ya E ndani ya duara ikifuatana na namba inayoanza na 90R. Maana yake pedi imepimwa kwa kanuni ya kimataifa namba 90, inayotaka ya kubadilishia isiachane na ile ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Ukiona pia herufi A, B au N zenye picha ya majani, hiyo ni habari ya shaba na madini mengine iliyoanzia sheria ya jimbo la Washington, Marekani, ya mwaka 2010. N ina shaba kidogo kabisa. Inahusu samaki wa mitoni, haihusu mshiko.

Na alama zote hizi mwizi anaweza kuzichapa. Fungua boksi. Pedi nne ziwe na rangi moja na namba moja ya toleo. Pitisha ukucha kwenye ukingo. Ikidondosha punje, irudishe. Tazama pale nyama inapokutana na bati, pasiwe na upenyo wa kuingiza hata karatasi. Zipo pedi ambazo bati lake lina meno madogo yanayouma nyama kwa ndani badala ya kutegemea gundi tupu. Kwa anayevuka maji na matope nalipia hilo bila kujadiliana, kwa kuwa kutu hupenyeza chini ya gundi na siku moja nyama inabaki njiani.

*

*Nikitoka mtoni, mkanyago wa kwanza haushiki kabisa. Nikitoka kwenye tope, breki zinasaga kama mashine ya unga. Je, kuna pedi za matope?* — Mvuka Mito

Hakuna pedi ya matope, kuna dereva wa matope. Ukitoka majini, endelea na mwendo mdogo huku mguu wa kushoto au wa kulia, wowote uliouzoea, ukibana breki kwa wepesi kwa mita mia moja hivi. Diski zinajikausha kwa joto lao. Nyuma ukiwa na ngoma, ongeza umbali, maana maji yanakaa humo ndani. Usisubiri kona ikukumbushe.

Tope ni adui mwingine. Mchanga laini ukichanganyika na maji unakuwa msasa, na msasa huo uko kati ya pedi na diski kila unapokanyaga. Nimeona seti mpya ikiisha ndani ya wiki moja ya mvua bila kosa la aliyeitengeneza. Unaporudi, kabla ya kuosha bodi inayoonekana, ingiza mpira wa maji nyuma ya kila gurudumu, upige kalipa na diski hadi maji yatoke safi. Zisiwe za moto wakati huo. Pedi zenye mfereji katikati zina faida kidogo hapa, uchafu unapata pa kutokea. Ikiwa bei ni moja, chukua hizo.

*

*Nimefunga pedi mpya za bei kubwa na gari halisimami vizuri kama na zile za zamani. Nimeibiwa?* — Mwenye Hasira

Pengine hapana. Ulizizoesha?

Pedi mpya na diski kuukuu hazijajuana. Diski ina mabonde, pedi iko tambarare, kwa hiyo zinagusana kwenye vilele tu. Tafuta barabara isiyo na watu. Punguza mwendo kutoka 50 hadi 10, kwa mkanyago wa wastani, bila kusimama kabisa, mara 10 hivi, na kila baada ya mara moja liache litembee kidogo lipoe. Ukimaliza usisimame na kushikilia pedali, pedi ya moto itaacha alama yake kwenye diski na baadaye usukani utatetemeka, halafu uambiwe diski imepinda. Tembea hadi zipoe.

Na ikiwa fundi hakupima diski, mrudishie gari. Unene wa chini umechongwa kwenye diski yenyewe, karibu na kitovu au ukingoni. Ikiwa imefika hapo, pedi ya bei gani haitakusaidia. Mwulize pia kama aliirudisha pistoni huku kikopo cha mafuta kimejaa, na kama alikanyaga pedali mara kadhaa kabla ya kukukabidhi funguo. Wapo wanaosahau hili la mwisho, na mteja anagundua getini.

Katika barua yako umetaja pia kwamba fundi wako anapuliza vumbi la breki kwa kompresa. Mkataze. Asbesto ilipigwa marufuku Uingereza mwaka 1999 na Umoja wa Ulaya mwaka 2005, lakini huwezi kujua kwa macho kilichomo ndani ya ngoma ya gari la zamani, na hata lisilo na asbesto si vumbi la kuvuta. Alowanishe kwanza, apanguse kwa kitambaa, atupe kitambaa.

*

*Tangu jana, baada ya safari ya njia ya kokoto, gurudumu la mbele kushoto linakwaruza kwa sauti kali muda wote, nikanyage breki nisikanyage. Pedi nilibadilisha mwezi uliopita. Nimeshaagiza nyingine.* — Asiye na Subira

Sitisha oda kwanza. Nyuma ya diski kuna bati jembamba la kukinga vumbi, na kati yake na diski pana nafasi ya kuingia jiwe dogo. Rudi nyuma mita tano, simama, rudi tena; mara nyingi linadondoka lenyewe. Likigoma, vua tairi, livute hilo bati kidogo tu kwa kidole uelekeo wa ndani, utaliona jiwe linaanguka miguuni mwako.